Uwanja Haupimwi kwa Zege

MWANDISHI: Tangu Septemba 27, 2023, siku Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, habari za maandalizi zimekuwa za mtindo mmoja. Kiongozi anafika eneo la ujenzi amevaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, mkandarasi anamtembeza, kamera zinawafuata, na jioni taarifa ya habari inataja asilimia. Arusha imefika hapa, Talanta ya Nairobi imefika pale, Hoima ya Uganda inakwenda mbio. Wananchi wa nchi tatu wamezoeshwa kuulizana nani yuko mbele. Hoja yangu ni kwamba asilimia hiyo, hata ikiwa ya kweli mpaka nukta, inapima kazi iliyofanyika kwenye mkataba wa ujenzi, na kazi hiyo ni sehemu tu ya uwanja. Zipo nyasi, yapo mageti, wapo watu wa kuyasimamia mageti hayo, ipo timu itakayocheza pale wiki hadi wiki, na zipo fedha za kubadilisha taa mwaka wa sita baada ya wageni kuondoka. Ukizipitia aibu ambazo ukanda wetu umezipata, utakuta zege lilituangusha zaidi zamani. Siku hizi tunaangushwa na hayo mengine. Kwa hiyo kipimo kibadilike. Uwanja usitangazwe kuwa umekamilika mpaka uwe umepokea mechi za kawaida za nyumbani, umejazwa hatua kwa hatua, watu wameingia na kutoka salama, na yupo aliyetia saini kwamba ataulea.

Hoja hiyo haiwezi kupita bila kupingwa, na wanaoipinga si watu wa kupuuzwa. Nimewaweka mezani wapinzani watatu wa kubuni, kila mmoja akibeba upande unaosikika kila siku katika mjadala huu: Mhandisi, Mhazini na Shabiki. Nimejitahidi kumpa kila mmoja hoja yake ikiwa na nguvu zake zote, maana kuishinda hoja dhaifu ni kujidanganya.

MHANDISI: Ndugu mwandishi, umeanza kwa kuionea asilimia. Namba ile haitoki mfukoni mwa waziri. Kila mradi una mchanganuo wa kazi na bei zake: msingi, nguzo, majukwaa, paa, mabomba, umeme, viti. Mshauri elekezi anapita na vipimo vyake, anakagua kilichofanyika, anasaini hati ya malipo, na ndipo mkandarasi analipwa. Ni namba chache sana za umma zinazokaguliwa namna hiyo. Tena unalichukulia zege kuwa jambo jepesi kwa sababu hujawahi kuinua paa la chuma juu ya viti 60,000. Fainali za timu 24 zinataka viwanja visivyopungua sita: viwili vya watu 40,000, viwili vya 20,000 na viwili vya 15,000, vyote vikiwa na taa zinazotosha televisheni, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha VAR, chumba cha kupimia dawa zilizokatazwa michezoni, na viwanja vya mazoezi jirani. Historia nayo iko upande wangu. Fainali za 1996 zilikuwa za Kenya, zikaishia Afrika Kusini. CHAN ya 2018, yaani fainali za Afrika za wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, ilikuwa ya Kenya vilevile. Septemba 2017 ikaondolewa kwa sababu kati ya viwanja vinne kimoja tu ndicho kilichokuwa tayari, na mashindano yakaenda Morocco. Hakuna aliyetuuliza siku ile habari za mpangaji wala za matunzo. Walihesabu viwanja, wakaona havipo. Wewe unataka tujadili malezi kabla mtoto hajazaliwa.

MWANDISHI: Mhandisi ana haki katika jambo moja kubwa, na ni vizuri nilikubali mapema: pasipo zege hakuna mjadala. Na ushahidi haukuishia 2017. CHAN iliyopangwa kuanza Februari 1, 2025 katika nchi zetu tatu iliahirishwa Januari 14, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache, CAF ikieleza kwamba miundombinu inahitaji muda zaidi ili ifikie kiwango. Mashindano yakasogezwa hadi Agosti. Lakini tazama kilichofuata. Muda ulipopatikana, kazi ya ujenzi na ukarabati ilikamilika. Kasarani na Nyayo za Nairobi zilifunguliwa, Namboole ya Kampala ilikuwa tayari, Mkapa ya Dar es Salaam na Amaan ya Zanzibar zikachezewa. Wahandisi wetu na wakandarasi wa kigeni walionyesha kwamba, wakipewa fedha na miezi, zege linasimama. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na mwezi ule wa Agosti 2025 ndio uliotuonyesha kwa namba ugumu wa malezi uko wapi.

Chukua Kasarani. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na baada ya ukarabati ulitajwa kuwa na nafasi ya watu 48,000. Kwenye karatasi ya mshauri elekezi kazi ilikuwa imekwisha. Kisha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, wakaanza kushinda, mji mzima ukataka kuingia, na watu wasio na tiketi wakapenya kwenye mageti. CAF ikatoza faini, na kwa mechi ya Kenya na Zambia ikapunguza idadi ya watazamaji hadi 27,000 kwa tiketi za kielektroniki pekee. Toa 27,000 katika 48,000: viti 21,000 vilivyofungwa kwa boliti, vikapakwa rangi na kulipiwa, vilikaa vitupu katika nchi yenye mamilioni ya watu waliotamani kuvikalia. Uwanja wa asilimia 100 uligeuka wa asilimia 56, na hakuna nguzo iliyopasuka. Kilichopasuka ni mpango wa mageti: tiketi inakaguliwa umbali gani kutoka ukutani, foleni inaanzia wapi, askari na wasimamizi wanapokea amri kwa nani, asiye na tiketi anarudishwa kwa njia ipi bila kugongana na mwenye tiketi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye asilimia tuliyotangaziwa.

MHANDISI: Hayo ni makosa ya uendeshaji, si ya ujenzi. Mimi nakabidhi jengo. Anayeshindwa kuliendesha asinipunguzie alama.

MWANDISHI: Hapo ndipo tunapokutana, maana mwananchi hakuahidiwa jengo. Na mpaka kati ya ujenzi na uendeshaji hauko wazi kama unavyouchora. Idadi ya mageti, upana wa njia za kutokea, nafasi ya kusimama kati ya barabara na ukuta wa nje, yote hayo huamuliwa kwenye mchoro, na mtu hugundua kosa lake siku umati unapofika. Yaounde waligundua hivyo kwa gharama ambayo haisemeki kwa fedha. Cameroon ilinyang'anywa fainali za 2019 Novemba 2018 kwa sababu ya kuchelewa, Misri ikazichukua, na Wacameroon wakapata zamu yao Januari 2022. Uwanja wa Olembe mjini Yaounde, wa watu 60,000, ulikuwa umebadilisha mkandarasi njiani, na kwa miaka swali lililoulizwa ndani na nje ya nchi lilikuwa lile lile: umefika asilimia ngapi? Hatimaye ukafika. Januari 24, 2022, kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro, umati ulielekezwa kwenye geti lililokuwa limefungwa. Watu wanane walikufa na 38 wakajeruhiwa. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema geti lile lilipaswa kuwa wazi na kwamba sababu ya kufungwa kwake haielezeki. Jukwaa halikuanguka, paa halikuporomoka. Uwanja ulihukumiwa na geti moja, na robo fainali iliyokuwa ichezwe pale ikahamishiwa uwanja mwingine wa mji huo huo.

Mtu anaweza kusema kwamba umati ni jambo la siku kubwa tu. Basi tuache umati, tutazame nyasi. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulifunguliwa 2007 ukiwa na viti 60,000, na kwa muda mrefu ndio uliokuwa fahari ya ukanda huu. Aprili 2023, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na Rivers United, taa zilizimika na mchezo ukasimama. Ukarabati ukafuata. Machi 2025 CAF ikaufungia kwa muda kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Ukaruhusiwa tena, kisha mvua zikanyesha, na Mei 2025 Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu 1993, mechi ya marudiano dhidi ya RS Berkane ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu wasiofika hata theluthi ya wale ambao Mkapa ungewachukua. Hesabu ya viti haikusaidia kitu. Majukwaa yalikuwapo, paa lilikuwapo, mtaa mzima wa Kariakoo ulikuwa tayari kwenda. Kilichokosekana ni eneo la kijani lenye urefu wa mita mia moja na tano na upana wa mita sitini na nane, ambalo kulitunza ni kazi ya mtu anayejua maji yanapitaje chini ya mchanga, mashine ya kukatia inanolewa lini, na mechi ngapi zichezwe kabla nyasi hazijapumzishwa. Mtu huyo hayumo kwenye mkataba wa ujenzi. Mara nyingi hayumo hata kwenye bajeti.

MHAZINI: Waungwana, nimewasikiliza mkigombana juu ya geti na nyasi, nami nashangaa mmeruka swali la kwanza. Kwa nini tunajenga? Talanta ya Nairobi, ya watu 60,000, imegharimiwa kwa hati fungani ya shilingi za Kenya bilioni 44.8 hivi, iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa Julai 2025, ya miaka 15 na riba ya asilimia 15.04. Zidisheni wenyewe: kabla deni halijaanza kupungua, riba ya mwaka mmoja ni kama bilioni 6.7. Itatoka kwenye mfuko wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, mfuko ulioanzishwa pia kusaidia mambo kama afya. Mkataba wa Arusha uliosainiwa Machi 2024 ni wa shilingi za Tanzania zipatazo bilioni 286. Hoima ni dola za Marekani milioni 129. Fainali nzima ina mechi 52. Gawanyeni kwa nchi tatu, kila moja inapata 17 au 18. Morocco wana viwanja vinavyong'aa kuliko vyetu, na Septemba 2025 vijana wao waliingia barabarani wakisema viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi, baada ya kina mama kufa katika hospitali ya umma ya Agadir. Ndugu mwandishi, wewe unataka tuongeze matumizi: mtunza nyasi, mfuko wa matunzo, mechi za majaribio. Unampamba mgeni ambaye hakupaswa kuingia nyumbani. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa nzuri zaidi ni kutolikopa.

MWANDISHI: Mhazini ndiye mpinzani wangu mgumu kuliko wote, kwa sababu hesabu zake ni sahihi. Kama tungekuwa mwaka 2022, ningekaa upande wake katika mambo mengi; hasa ningeuliza kama uwanja wa watu 60,000 ulihitajika Nairobi wakati Kasarani ipo. Lakini mikataba imesainiwa na nguzo zimesimama, na katika hali hiyo njia ya kusitisha ndiyo ghali kuliko zote. Kenya inaijua njia hiyo vizuri. Kamariny, uwanja wa Iten ambako mabingwa wa mbio ndefu walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye njia ya udongo, ulifungwa ili uboreshwe. Kazi ikakwama kwa miaka, na wanariadha wakakosa uwanja wa zamani na mpya kwa pamoja. Fedha zilitumika na faida haikupatikana kwa yeyote, si kwa hospitali wala kwa michezo. Kwa hiyo swali lililobaki mikononi mwetu ni moja: tunawezaje kupata thamani ya bilioni hizo kwa miaka arobaini badala ya wiki nne? Na jibu la swali hilo liko kwenye yale yale anayoyaita mapambo. Deni la Talanta litalipwa uwanja ukitumika na litalipwa uwanja ukikaa mtupu. Tofauti ni kile ambacho mlipa kodi anarudishiwa.

Afrika Kusini imetupa somo la bure katika hili. Uwanja wa Cape Town, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010 kwa gharama ya randi bilioni 4.4 hivi, ulisifiwa dunia nzima kwa uzuri na ukakamilika kwa wakati. Waliokuwa wameandaliwa kuuendesha kwa mkataba wa muda mrefu walijitoa Oktoba 2010, miezi mitatu baada ya fainali, walipopiga hesabu na kuona hasara. Jiji likabaki na mzigo wa kuugharimia mwaka hadi mwaka, na timu kubwa ya raga ya mji ule, Stormers, haikuhamia pale mpaka 2021. Muongo mzima ulipotea kwa sababu mpangaji alitafutwa baada ya ufunguo kukabidhiwa. Kipimo ninachopendekeza kingeliona tatizo hilo mapema, maana uwanja usio na mkataba wa mpangaji usingehesabiwa kuwa umekamilika hata kama zege lake lingekuwa la kupigiwa mfano. Na kwetu hali hazifanani. Hoima ina Kitara FC, timu ya Ligi Kuu iliyotwaa Kombe la Uganda mwaka 2024. Ukiipa nyumba ya viti 20,000 unaweza kuona mwanzo wa maisha. Arusha inapokea uwanja wa viti zaidi ya 30,000 wakati nguvu ya soka la Tanzania imelundikana Dar es Salaam, kwa Simba na Yanga. Asilimia za ujenzi zikilingana kesho, viwanja hivyo viwili bado vitakuwa na hatima tofauti, na mwananchi ana haki ya kuambiwa sasa.

MHAZINI: Na klabu zetu zitalipa kodi ya pango kwa nini? Nyingi hazilipi hata mishahara kwa wakati.

MWANDISHI: Hazitaweza kulipa kodi ya kibiashara, na kudai hivyo ni kuzifukuza kabla hazijaingia. Njia inayofaa ni klabu kutoa sehemu ya mapato ya mlangoni, na serikali kukubali wazi wazi kwamba uwanja ni huduma ya umma yenye pengo la fedha, kisha kuliandika pengo hilo kwenye bajeti kwa jina lake. Leo pengo lipo ila limefichwa: halionekani mwaka wa kwanza, kwa sababu mkandarasi bado anawajibika katika kipindi cha matazamio, linaanza kuonekana mwaka wa tatu, pampu inapoharibika na hakuna wa kuagiza kipuri, na mwaka wa kumi linarudi kama mradi mpya wa ukarabati wa mabilioni, na waziri mwingine anakuja na kofia ngumu. Tumeshalizunguka duara hilo Kasarani, Namboole na Mkapa. Namboole ilifunguliwa 1997 na ikafika mahali pa kushindwa viwango vya mechi za kimataifa hadi wahandisi wa jeshi la Uganda walipokabidhiwa kuifufua. Mhazini anayechukia gharama angepaswa kuwa wa kwanza kudai fedha ya matunzo itengwe kila mwaka, kwa sababu ndiyo inayozuia gharama ile kubwa isirudi kila kizazi.

SHABIKI: Bwana mwandishi, sasa niachieni nami niseme. Ninyi wenye kalamu mna kawaida ya kutia maji chai yetu kabla haijaiva. Mnajua ni aibu gani kuwa mwenyeji ugenini? Juni 2024 Harambee Stars waliwakaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na uwanja unaokubalika. Miezi michache baadaye wakawakaribisha Cameroon Kampala. Waganda nao waliwahi kuwa wahamiaji hivyo hivyo, mechi za nyumbani wanazicheza mbali na Kampala. Mara ya mwisho fainali hizi kuchezwa ukanda wa Afrika Mashariki ilikuwa Ethiopia, 1976. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Agosti 2025 wenyeji wote watatu tulifika robo fainali ya CHAN, na kwa mwezi mmoja hakuna aliyekuwa akituuliza kabila wala chama. Mnatuambia tupunguze furaha tukahesabu mageti! Halafu mkisema mageti, lawama inatuangukia sisi. Mtu amenunua tiketi yake, amefika saa nne kabla, anakuta geti moja limefunguliwa kati ya mengi, anasukumwa, anapigwa virungu, na kesho anasoma kwamba mashabiki hawana nidhamu. Na hizo mechi za majaribio, mtaichosha nyasi mpya kabla wageni hawajaiona.

MWANDISHI: Shabiki anadhani ananipinga, kumbe ndiye shahidi wangu bora. Yote aliyoyaeleza kuhusu geti moja kati ya mengi ni habari ambayo hakuna mshauri elekezi anayeweza kuiandika kwenye hati ya malipo, na ni yeye pekee anayeweza kuitoa, tena kwa njia moja tu: kwa kupita pale akiwa na watu elfu ishirini wengine. Nidhamu ya umati hujengwa na mpangilio. Watu wale wale wanaosukumana kwenye geti lililofungwa hupanga foleni vizuri wakiona inasogea. Ndiyo maana nchi zenye uzoefu hazimwamini mjenzi wala mwenye uwanja mpaka umati umeujaribu. Everton ya Uingereza ilipojenga uwanja wake mpya Liverpool, wa watu 52,000 na ushee, haikuufungua kwa mechi ya ligi. Februari 2025 ilicheza mechi ya vijana chini ya miaka 18 mbele ya watu 10,000. Machi ikacheza ya vijana chini ya miaka 21 mbele ya 25,000. Agosti ikaikaribisha Roma ya Italia kwa mechi ya kirafiki, ndipo ligi ikaanza. Kila hatua wenye mamlaka ya usalama walitazama foleni, vyoo, ngazi, usafiri wa kurudi mjini, kisha wakaruhusu idadi iongezeke. Uwanja ule haukuwa na mashaka ya zege hata kidogo.

Kuhusu nyasi, hofu ya Shabiki ina msingi, ila inamalizika kwa ratiba. Mechi tatu au nne zilizopangwa kwa nafasi hazichoshi nyasi iliyoota vizuri. Zinamwonyesha mtunzaji mahali maji yanapotuama na mahali mizizi haikushika, wakati bado ana miezi ya kurekebisha. Kinachoua nyasi ni tamasha la muziki wiki moja kabla, mkutano wa siasa wiki inayofuata, na gwaride juu yake. Kuhusu fahari, sitaki kumpunguzia Shabiki hata chembe. Lilongwe ilikuwa aibu ya kweli. Lakini akumbuke mkasa wa Mkapa: Simba haikuhamishwa Dar es Salaam kwa kukosa uwanja, ilihamishwa ikiwa na uwanja mkubwa kabisa nchini. Fahari inayosimama juu ya zege pekee inaweza kuhamishwa na mvua ya wiki mbili.

MHANDISI: Niseme la mwisho. Ratiba. Mikataba hii inakabidhiwa karibu na mashindano. Ukinidai miezi sita ya majaribio, umenipokonya miezi sita ya ujenzi, na hapo utakosa vyote viwili.

MWANDISHI: Hilo ndilo pingamizi zito zaidi kwa upande wa utekelezaji, na jibu lake ni kuchagua mapema nini kikose. Uwanja unaweza kuanza kupokea watu kabla rangi ya mwisho haijapakwa. Everton walipocheza mechi ile ya Februari, kazi za umaliziaji zilikuwa bado zinaendelea. Jukwaa moja likithibitishwa na mhandisi kuwa salama, linafunguliwa. Mengine yanafungwa kwa uzio. Vyumba vya wageni mashuhuri, marumaru na taa za mapambo ya nje vingoje. Tatizo letu ni kwamba mpangilio huwa kinyume: lango la viongozi linakamilika kwanza, kwa sababu ndilo linalopigwa picha siku ya ziara, na geti la watu wa mzunguko linajaribiwa siku ya mechi. Na ikitokea kweli kwamba hakuna muda, basi idadi ya tiketi ipunguzwe kwa hiari na mapema, ili kila aliyeuziwa aingie, kuliko kuja kupunguziwa na CAF katikati ya mashindano baada ya watu kuumia.

Kwa hiyo wabunge wa nchi zote tatu, ambao ndio wanaopitisha fedha hizi, wanapoletewa asilimia waulize mambo manne. Orodha ya kasoro zilizoandikwa na wakaguzi wa CAF ina vipengele vingapi, na vingapi vimefungwa? Uwanja umepokea watu wangapi kwa wakati mmoja, na walichukua dakika ngapi kutoka? Nani amesaini kuwa mpangaji, na kwa mechi ngapi kwa msimu? Fedha ya matunzo ya mwaka wa kwanza baada ya mashindano iko kwenye kifungu gani cha bajeti? Maswali haya hayamdharau Mhandisi, kwa sababu yanamwachia kazi yake na kumwongezea wenzake. Yanamsaidia Mhazini kuliona deni likizaa kitu. Yanamlinda Shabiki. Na majaribio yenyewe hayahitaji mgeni kutoka mbali. Simba na Yanga zikutane Arusha, Gor Mahia na AFC Leopards zikutane Talanta, Kitara iikaribishe Vipers Hoima, tiketi ziuzwe zote na mageti yote yafunguliwe. Kasoro zitakazojitokeza siku hizo zitawaaibisha viongozi wachache kwa siku chache, na zitarekebishika. Zikiachwa zingoje mashindano, zitadai bei nyingine, na Yaounde wameshatuonyesha ni bei gani.